Sawa kwa Zote

Kwa miaka thelathini na moja alifundisha hisabati, na wanafunzi wakampachika jina la Mzee Hasi. Aliyesahau alama ya kutoa alirudishiwa kazi yote, hata kama mengine yalikuwa shwari. Alipostaafu alizawadiwa saa ya ukutani, akawa anaitazama.

Ndipo ikaja kazi ya kufundisha mashine. Katika chumba chenye feni moja, kompyuta ilimwonyesha mafungu mawili ya herufi na tarakimu, naye aseme kama yana maana moja. Mashine ingesoma majibu yake mpaka iijue maana yenyewe. Maana, kwa kampuni ile, ilikuwa vitufe viwili: Sawa na Si Sawa. Msimamizi alipoona mambo yanakwenda mwendo wa kinyonga, akaongeza cha tatu, Sawa kwa Zote, cha kumaliza kundi zima kwa mpigo.

Alasiri moja, macho yamemchoka, likaja kundi la kipeuo cha pili cha x mara x, na upande wa pili x. Akabonyeza Sawa kwa Zote, mifano elfu nne, akaenda kunywa chai. Sasa, x ikiwa hasi tatu, hasi tatu mara hasi tatu ni tisa, na kipeuo cha pili cha tisa ni tatu. Ile hasi haipo tena. Alilifundisha hilo kila mwaka.

Mashine ikapimwa kwa majibu yake yeye, ikafaulu vizuri sana, na mkataba wake ukaisha. Mwaka uliofuata ikapewa kusahihisha mtihani wa kuingia chuo.

Binti yake, kitinda mimba, alikosa chuo kwa alama mbili. Katika swali la tisa alikuwa ameisimamishia x vijiti viwili, kimoja kila upande, kuonyesha kwamba hasi imeondoka, kama baba yake alivyomfundisha. Mashine ilikuwa imempa sifuri.

Mzee akavaa koti, akaenda ofisi ya rufaa. Karani alimsikiliza kwa adabu, akamwambia kila mzazi huja na hesabu zake.

"Mashine hii imefundishwa na mtaalamu, mzee wangu."

"Mtaalamu mwenyewe ni mimi."

"Basi unajua ilivyo makini."

Akapewa fomu ya rufaa, akajaza. Ilisomwa na mashine ileile. Jibu lilitoka kabla hajafunika kalamu.

Nyumbani binti alimfungulia mlango. Uso wa baba ulikuwa umeshasema.

"Mwakani nitaandika x tupu, baba. Yaishe."

Mzee Hasi akaitazama saa ya ukutani.

"Andika, mama," akasema.