Siku Kikosi cha Mganda Kilipoenda Benki

Anangisye wa Katumba Songwe ni mkulima wa kakao na mpunga, mzee wa kanisa, baba wa mabinti watupu, na pia ni Kanali. Usicheke. Ukanali wake si wa jeshini, huko hajawahi kukanyaga hata getini. Ni Kanali wa mganda, ile ngoma ya mwambao wa ziwa inayochezwa kwa gwaride, kaptula nyeupe, soksi za kufika magotini na vibuyu vya kupuliza badala ya tarumbeta. Kila kikosi cha mganda kina vyeo, kuanzia Jenerali mpaka kuruta, kina daktari wake na nesi wake, na ole wako umpite Kanali njiani bila kumpigia saluti. Mwalimu mmoja mgeni alimpita hivyohivyo, akanuniwa msimu mzima wa mavuno.

Shida ya Anangisye ilikuwa moja tu. Alipewa ukanali nywele zikiwa nyeusi, na zimeota mvi akiwa bado Kanali. Juu yake alikaa Jenerali Ambilikile, rafiki yake wa damu, mwanzilishi wa kikosi, aliyekiita Simba wa Mpakani kwa sababu ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi na huko kuna kikosi ambacho lazima kionyeshwe adabu kila mwaka. Ambilikile alikuwa na koti jekundu lenye vifungo vya shaba. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulivaa. Anangisye alilitazama koti lile maisha yake yote ya utu uzima, tena alilitazama kwa heshima, lakini jamani, alilitazama.

Ambilikile alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho, alimwita. "Gwe Anangisye," akasema kwa sauti ya chini, "siku mtakayonijengea kaburi, kikosi kicheze. Wewe ndiye uongoze." Anangisye akalia. Alilia kweli, machozi ya mtu mzima, na katikati ya machozi hayo, Mungu amsamehe, jicho moja likaenda kwenye msumari ambapo koti lilikuwa limetundikwa.

Basi siku ya kujengea kaburi ikakaribia, na kikosi cha Malawi kikaleta salamu kwamba kitakuja kumuenzi marehemu, na kwamba kimeshona kofia mpya. Kofia mpya! Anangisye hakula vizuri siku hiyo. Kaptula za Simba wa Mpakani zilikuwa zimekuwa na rangi ya maji ya mafuriko, bunduki zao za mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa, na koti la Jenerali, mjane alipolitoa sandukuni, lilikuwa na tundu kwenye kiwiko na lilimbana Anangisye tumboni.

"Utalivaaje hilo mbele ya Wamalawi?" akauliza mkewe, Tusajigwe, mwanamke asiyekopesha maneno. "Utaonekana kiloba cha kakao kilichokosewa kufungwa."

Ndipo Anangisye akampigia simu Aliko. Huyu Aliko ni mtoto pekee wa marehemu, anafanya kazi ghalani huko ng'ambo ya bahari kwenye baridi, na ni mtoto mwema kwa namna yake: kila jambo la nyumbani analijibu kwa kutuma pesa. Mama yake alivunjika mkono, akatuma pesa. Baba yake alifariki, akatuma pesa nyingi zaidi, tukala nyama, na kiti chake msibani kikabaki kitupu. Rut, mama yake, ndiye aliyeinuka. Alikikunja kile kiti mwenyewe, akakiweka ndani.

Anangisye alizungumza na simu kwa namna anavyozungumza na watu walio ng'ambo ya mto, yaani kwa kupiga kelele. "Aliko! Mugonile, habari za huko! Baba yako tunamjengea! Kikosi kinahitaji magwanda, kinahitaji bunduki mpya, na koti la Jenerali! Umeandika?"

"Nimeandika, baba mdogo."

"Andika vizuri!"

Kijana akaandika vizuri mno. Benki ya huko ilipomuuliza pesa ni za nini, akajaza kama alivyoagizwa na mkubwa wake: kusaidia kikosi cha Simba wa Mpakani, magwanda na bunduki, apokee Kanali Anangisye. Wala hakuona ubaya, maana alikulia humo. Katumba Songwe nzima isingeona ubaya.

Pesa hazikufika. Ikapita wiki, fundi cherehani akaanza kuulizia kitambaa, halafu Anangisye akapigiwa simu afike benki mjini Kyela. Akaenda amevaa suti ya kanisani, akifikiri anakwenda kuhesabiwa noti.

Aliyempokea ni dada mmoja aitwaye Asifiwe, mtu wa Talatala, mpole, mwenye miwani. Alimkaribisha chumba cha ndani, akafunga mlango, jambo ambalo Anangisye alilipenda, akaona anapewa heshima ya cheo.

"Mzee wangu, shikamoo. Wewe ni Kanali wa nini?"

"Wa Simba wa Mpakani."

"Na hao Simba wanafanya nini?"

"Mwaka juzi tulivuka mto tukawachakaza Wamalawi," Anangisye akasema kwa fahari, "na safari hii tunawangojea huku huku kwetu."

Asifiwe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akamuuliza taratibu kama anazungumzia mganda, na alipojibiwa ndiyo, mganda, kwani kuna kitu kingine, akashusha pumzi iliyotikisa karatasi za mezani.

Akamweleza. Nchi anayoishi Aliko ina sheria ya vikwazo: mtu haruhusiwi kutuma pesa kwa kikundi chochote chenye silaha nje ya nchi, na benki ikiachia pesa kama hizo inakula faini ya kuifilisi. Hapa kwetu nasi tuna sheria yetu ya namna hiyo. Kwa hiyo pesa yenye maneno kikosi, bunduki na Kanali, inayokwenda kijiji cha mpakani, inasimamishwa na mashine kabla binadamu hajaisoma.

"Sheria gani hiyo ya kijinga?" Anangisye akafoka. "Mtu azuiwe kumjengea baba yake?"

"Si ya kijinga, mzee wangu," Asifiwe akasema, na sauti yake ikabadilika. "Dada yangu aliolewa mbali, kwenye sehemu ambayo nyumba zilichomwa usiku watu wakiwa ndani. Waliochoma walikuwa na bunduki mpya. Kuna mtu alizinunua akiwa amekaa zake kwenye kochi nchi nyingine, akatuma tu. Dada alitoka, mume hakutoka. Mimi nikizuia pesa mia za watu wema nikaipata moja ya watu wale, nalala vizuri."

Anangisye alikuwa mtu wa kelele, lakini si mtu mbaya. "Pole sana, mwanangu," akasema bila kufoka. "Lakini sisi zetu za mbao."

"Mimi najua. Baba yangu mwenyewe alikuwa daktari wa kikosi, Talatala. Lakini mashine haijawahi kucheza mganda. Njoo kesho na viongozi wenzako wawili, na kitu cha kuonyesha kwamba kikosi chenu ni cha ngoma. Nitawatumia wakubwa wangu."

Hapo sasa ndipo akili ya Kanali ilipofanya kazi, na ingekuwa heri ingepumzika. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijiuliza: ni kitu gani kinaweza kuonyesha kwamba kikosi ni cha ngoma? Picha? Picha hata kuku anapigwa. Barua ya mtendaji? Mtendaji mwenyewe hajui kucheza. Jibu likamjia alipofika kwenye mitaro ya mpunga, na akalipenda sana. Kitakachoonyesha kikosi ni kikosi.

"Baba Doreen," Tusajigwe akamwambia alipomsikia akituma watu wakaite wenzao, "wameshakuona gaidi, sasa unawapelekea jeshi?"

"Mbele ya serikali mtu huenda amevaa," Anangisye akajibu, na kwa mila zetu hakukosea. Kwenda mbele ya mkubwa umevaa kiraia wakati una sare ni dharau.

Kesho yake wakapakiana kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, wakateremka pale kwenye kona ili wasifike mbele ya benki wamesimama ovyo, wakajipanga. Kanali mbele, bunduki begani. Ngoma kubwa ikalia. Vibuyu vikaunguruma. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, Simba wa Mpakani wakaelekea benki kwa mwendo wa gwaride saa ambayo wateja walikuwa wamejaa mpaka nje.

Lo! Mama aliyekuwa na ndizi kichwani akalala chini na ndizi zake. Wateja wakakimbilia ndani, waliokuwa ndani wakakimbilia nje, wakakutana mlangoni wakakwama. Mlinzi Lusungu, ambaye bunduki yake ni ya kweli ila hajawahi kuitumia, akapiga kelele "Simama!" na kikosi, kwa kuwa kina nidhamu, kikasimama. Kikapiga mguu chini wote kwa pamoja, puu! Lusungu akadondosha kofia.

"Weka silaha chini!"

"Weka silaha chini!" Kanali akarudia amri kwa kikosi, na bunduki zikawekwa chini. Moja ilipogusa lami ikakatika katikati, ukamwagika unga wa mchwa.

Mama wa ndizi ndiye wa kwanza kuelewa. Akainua kichwa, akauona unga, akautazama ule mstari wa wazee wenye soksi zilizoteremka, akapiga kigelegele akiwa bado amelala. Askari polisi wawili waliokuja mbio kwa pikipiki walimkuta Asifiwe amesimama ngazini akirekodi kwa simu, machozi yanamtoka kwa kucheka, na kikosi kinacheza. Askari mmoja alikuwa mtu wa Ipyana, aliyekulia kwenye mganda kama wao. Alijitahidi kukunja uso, lakini mabega yake yalishaanza kuitikia ngoma.

Video ikatumwa kwa wakubwa. Wakubwa wakaridhika, nasikia waliitazama zaidi ya mara moja. Ila jibu liliporudi kwa Asifiwe, lilikuwa chungu: benki ya ng'ambo haikusubiri. Pesa zilikuwa zimesharudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe ameitwa akahojiwe.

Anangisye aliumia. Msiseme alikuwa mzee wa majivuno tu, aliumia moyoni. Alikwenda kwa Rut, akakaa kwenye kigoda. "Mama Aliko, nisamehe. Nimemwingiza mtoto matatani, sare hakuna, na Ambilikile tutamchezea kwa matambara. Wamalawi watatucheka juu ya kaburi lake."

Rut alikuwa akigeuza kakao juani. Hakuinua uso. "Wacha wacheke," akasema. "Pesa zikija, najua ambaye hatakuja ni nani."

Siku ikafika. Wamalawi wakavuka mapema na kofia zao mpya, nyekundu, zenye shada, waliziinamisha kidogo upande mmoja, wale watu wana maringo! Simba wa Mpakani wakajipanga na kaptula zao za rangi ya mafuriko. Anangisye akaingia ndani kwa Rut, akavuta tumbo, akafunga vifungo vya shaba kimoja baada ya kingine. Kikafungika hata cha mwisho. Akajitazama kwenye kioo cha kabati na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamwona Jenerali. Kiloba au si kiloba, alipendeza. Alitoka nje akiwa haoni tundu la kiwiko wala kofia za mtu yeyote.

Bodaboda ikaingia uani. Nyuma yake kulikuwa na mtu mwenye begi na jaketi la baridi, jasho linamtiririka. Watu wakamtazama. Rut akasimama polepole, mkono mdomoni.

Ni Aliko. Zile pesa zilizorudi alizikatia tiketi. Baadaye alieleza kwamba walimkalisha chumbani, wakamuuliza kwa upole, mkubwa wa hicho kikosi ni nani, na yeye akaanza kuwaeleza watu wasiomjua: baba yake, koti jekundu, alivyokuwa akimbeba mabegani kwenye gwaride. Katikati ya maelezo akashindwa kuendelea. Wale maofisa wakamletea maji. Wakamuuliza mazishi yalikuwaje, akasema sijui, sikuwepo.

Hayo yalikuja baadaye. Wakati ule alisimama tu uani, hajui pa kuweka mikono. Anangisye alimwangalia. Kisha akaangalia vifungo vya shaba. Sitawadanganya, ilimchukua muda, na Tusajigwe anasema alimsikia akinung'unika. Halafu akafungua kifungo cha kwanza, akafungua vyote, akaachia tumbo lake lipumue, na akamvika kijana lile koti.

"Baba mdogo, mimi sijui kucheza. Nimesahau."

"Jenerali hachezi. Jenerali anatembea, sisi tunafuata. Tembea."

Ngoma ikalia na Aliko akaanza kutembea, na alianza kwa mguu wa kulia. Mganda mzima tangu uumbwe unaanza kwa wa kushoto! Wamalawi wakatazamana chini ya kofia. Kikosi kikababaika, mmoja akamkanyaga mwenzake, kibuyu kikakosea.

"Simba!" Kanali Anangisye akanguruma, na ilisikika mpaka mtoni. "Badili mguu! Fuata Jenerali!"

Wakabadili. Wazee wote wale, ambao miguu yao imezoea kushoto maisha mazima, wakaanza kwa kulia, wakamfuata mtoto wa Ambilikile kulizunguka kaburi la baba yake, wote wamekosea, wote pamoja. Wamalawi walidhani ni mtindo mpya, na msimu uliofuata wakauiga.

Rut hakulia. Alikwenda ndani, akakitoa kile kiti kilichokunjwa, akakikunjua, akakiweka kwenye mstari wa mbele, pembeni ya chake.