Ukingo wa Msitu

Kazi yangu ilikuwa kuutazama Mlima Meru na kusema wingu limefika wapi. Mjomba wangu, mkulima wa kahawa, alisema kazi hiyo hata mbuzi wake wanaifanya, tena bila sare. Nilikasirika. Nilikuwa kijana wa kukasirika upesi, na sare ile niliipiga pasi mwenyewe kila asubuhi.

Wakati huo Waingereza ndio waliotawala, na kiwanja cha ndege cha Arusha kilikuwa uwanja wa nyasi na kibanda chenye redio. Kanuni zilikuwa ndani ya kitabu chenye jalada jekundu. Ndege iliyotaka kupita juu ya mlima ilipaswa kuwa na kimo ambacho ndege ndogo hazikuweza kukifikia. Kwa hiyo ndege ndogo kutoka Nairobi zilipangiwa njia ya magharibi, kati ya Meru na Monduli, kwa kimo zilichopewa, na rubani hakuruhusiwa kushuka chini ya hapo mpaka mtu wa kiwanjani amwambie kwamba anauona ukingo wa msitu. Wingu likiwa limeufunika, rubani husubiri au hurudi alikotoka.

Mtu huyo wa kiwanjani alikuwa mimi. Bwana msimamizi, Mwingereza, alikuwa amebandika ukutani orodha ya futi za kila sehemu ya mlima. Sikuihitaji. Nimezaliwa mlimani, najua kahawa inaishia wapi, msitu unaanzia wapi, na mianzi iko wapi.

Masika moja binti yetu wa kwanza, mwenye miaka minne, aliugua koo. Daktari wa hospitali ya misheni alimtazama mdomoni akasema ni dondakoo, na dawa yake hakuwa nayo. Aliagiza Nairobi. Barabara ya Namanga ilikuwa tope tupu, malori yamekwama huko siku kadhaa, kwa hiyo dawa ingeletwa na ndege kesho yake. Mke wangu akabaki wodini, kitandani kwa mtoto. Mimi nikaenda kazini. Nani mwingine angeutazama mlima?

Ndege ilituita kwenye redio saa nne asubuhi, imekwishapita Longido. Nje wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba ya watu.

"Unauona ukingo wa msitu?" rubani akauliza.

"Hapana."

Alizunguka juu ya mbuga, upande wa magharibi, kwa kimo chake alichoruhusiwa. Tulimsikia bila kumwona. Bwana msimamizi alijua dawa ile ni ya nani. Alisimama nyuma yangu kidogo, kisha akatoka akasimama barazani, amenipa mgongo. Nilielewa kwamba ameniachia uamuzi. Nilimchukia kwa hilo, na bado namchukia.

Rubani akaita tena. "Mafuta yanapungua. Ukingo wa msitu, unauona au huuoni?"

Ningeweza kusema nauona. Watu hupenda niwaambie kwamba nilimfikiria rubani, kwamba naye ana watoto. Sikumfikiria. Niliulizwa ninachokiona, nikasema ninachokiona.

"Siuoni," nikasema.

Akarudi Nairobi.

Binti yetu alifariki kesho yake saa tatu asubuhi. Mke wangu alimfunga kanga, akaniuliza bila kunitazama, "Rubani alikuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili."

Tulimzika kwetu Kikwe, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mwinjilisti alisema maneno yake, wanawake wakaimba, mjomba akafukia. Nilisubiri machozi, hayakuja. Nilichokuwa nakiona vizuri ni viatu vya watu, vyote vimejaa udongo mwekundu.

Siku ya tatu nikarudi kazini. Mlima ulikuwa wazi wote, mpaka kileleni. Ndege ilishuka bila kuuliza mengi. Rubani akaja kibandani, akanishika mkono, akasema kama ningemdanganya siku ile, saa hizi angekuwa ametapakaa mlimani. Alifurahi kweli. Hakuna aliyekuwa amemwambia dawa ile ilikuwa ya nani. Kisha akanipa kisanduku cha hospitali, nikatia saini ya kukipokea, kwa sababu mizigo nayo ilikuwa kazi yangu.

Nilikipeleka mwenyewe kwa baiskeli. Wodini, kitanda kile kilikuwa na mtoto mwingine, mvulana wa watu wa kule Sakina, anapumua kwa sauti ile ile ninayoijua. Muuguzi alininyang'anya kisanduku karibu akimbie nacho. Mama wa mtoto alisimama. "Asante, baba," akasema. "Mungu akubariki na wanao." Nikasema amina, kama mtu aliyejibu salamu ya njiani.

Nilirudi wodini siku mbili baadaye, sijui nilitaka nini. Mvulana alikuwa amekaa, anakunywa uji, analalamika kwamba hauna sukari. Nilitegemea kufurahi au kuona wivu. Sikuona kitu. Nikapanda baiskeli yangu.

Nyumbani mke wangu alikuwa anamenya ndizi za jioni. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia kwamba dawa ilifika, ikatumika kwa mtoto wa watu.

"Amepona?"

"Amepona. Anakunywa uji."

Alimenya ndizi moja mpaka mwisho, akaitia kwenye maji.

"Alikuwa mgonjwa kama wetu?"

"Kama wetu. Labda zaidi."

Kisu kikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alinitazama machoni.

"Basi ingemponya," akasema.

"Ingemponya," nikasema.