Mizani ya Mdogo Wangu

Kariakoo mwanamke akipungua watu hawampongezi, wanamhurumia. Mnene ni mtu ambaye mambo yake yanakwenda. Ukianza kukonda, jirani wa duka la pili anakuuliza kama biashara imeyumba, wa duka la tatu anakuuliza kama mume amehama, na wa nne haulizi kitu, anakuombea dua kimyakimya. Mimi nimeuza vitenge mtaa ule miaka mingi, na mwili wangu ulikuwa kama kibao cha juu ya mlango, kinachowaambia wateja kwamba humu kuna mali. Kwa hiyo nilipoamua kupunguza kilo, niliamua kwa siri, na sababu ilikuwa moja tu. Mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili, na mimi nilitaka kumpa moja ya kwangu.

Daktari wa kliniki ya kule Posta hakunizungusha. Damu zetu zinaelekeana, presha yangu nzuri, sukari sina, ila kwa uzito ule hawezi kunipasua. "Siwezi kumponya mmoja kwa kumuumiza mwingine," alisema. Nishuke kwanza, ndipo tuanze vipimo vikubwa. Akaniachia kwa muuguzi, naye akachukua simu yangu na kuniwekea programu ya akili mnemba. Alinieleza kwamba itanisoma mimi mwenyewe, ijue ninakulaje, ninakula na nani, ninachukia nini, kisha inipangie mambo yanayonifaa mimi na si karatasi ileile wanayopewa watu wote. Kazi yangu ni kupima uzito kila asubuhi na kuiandikia namba. Kliniki wangekuwa wanaiona, na siku nikifika pale wanapotaka wangeniita wenyewe.

Tulianza kwa kugombana. Iliniuliza mchana nimekula sahani ngapi, nikaijibu kwamba sisi hatuli kwenye sahani. Wenye maduka wa upande wetu tunachanga, mama lishe analeta sinia moja la wali na samaki, watu watano tunalizunguka. Ukinyanyuka mapema umewaambia wenzako kwamba chakula chao kinanuka. Programu ikauliza kama kwenye sinia kila mtu ana upande wake. Nikajibu ndiyo, hata mtoto anajua hilo. Tangu siku ile ikawa inaniuliza habari za upande wangu. Baadaye ikanishauri niwe mimi wa kuwachambulia wenzangu samaki, kwa kuwa mkono unaogawa hauendi kinywani, na mgawaji hakuna anayemhesabia matonge. Nilifanya hivyo, na wenzangu wakanisifu kwa ukarimu. Nilishangaa chombo kisicho na tumbo kimeyajuaje hayo.

Iligundua na jingine, kwamba mimi sifa hazinisaidii. Mwanzoni ilikuwa inanitumia maua na hongera mpendwa, na kila iliponisifu nilijizawadia chapati. Iliponichokoza ndipo nilipotembea. Basi ikaacha maua. Asubuhi moja ikaniandikia, "Jana ulisema utatembea. Ulitembea au uliongea?" Nikaitukana kwa sauti peke yangu dukani, nikavaa raba, nikaenda mpaka Mnazi Mmoja na kurudi nikiwa bado nimenuna. Ilikuwa imenijua vibaya sana, kuliko wanaume wote niliowahi kuishi nao.

Kupima ndiko kulikuwa na kazi. Nyumbani sikuwa na mizani, na wale wanaopimia watu njiani sikuwataka, kwa kuwa nisingeweza kusimama pale huku mtaa mzima unasoma namba zangu. Lakini mdogo wangu alikuwa na duka la mchele na maharage, linatazamana na langu, na funguo za akiba za duka hilo nilikuwa nazo mimi. Nilikuwa nafika mapema kabla wapagazi hawajaanza kelele zao, nafungua, nafunga mlango nyuma yangu, navua viatu na kupanda kwenye mizani ya magunia. Yeye sikumwambia. Angecheka mpaka akose pumzi, kisha angewasimulia wateja.

Nilishuka vizuri tu hadi masika. Masika yalipoingia, Jangwani ikajaa maji, barabara ikafungwa, na wateja wengi wa mdogo wangu waliokuwa wanatokea upande wa pili wakaacha kuja. Duka likadoda. Kusafishwa damu hakungoji barabara ifunguliwe. Nikawa nauza majora ya vitenge kwa bei ya hasara ili aende hospitali, na yeye akija kukaa kwangu alikuwa anazitazama rafu zangu zinavyobaki wazi. 

Wiki hizohizo uzito wangu ukapanda. Haukupanda kidogo kidogo, ulipanda kati ya asubuhi moja na nyingine, nikadhani nimevimba. Programu haikunigombeza. Ilisema mwili una tabia zake, tusubiri. Tulipoona namba inashuka kwa shida, ikasema mwili umezoea, ikanipangia upya. Iliuondoa wali wa jioni, ikaongeza matembezi, ikaniuliza kama nalala, kama nina huzuni, kama kuna mtu nyumbani ananilazimisha kula. Ikaniuliza hata kama ninapima kwenye mizani ileile. Nikajibu ileile. Ikaridhika. Haikuuliza mizani ni ya nani.

Na watu walikuwa wananiambia. Fundi cherehani alinibania magauni mara mbili, mara ya pili akanitazama kwa jicho la msibani. Jirani yangu wa duka la viatu alinivuta pembeni. "Dada, umepima?" akaninong'oneza, na mjini hapa kila mtu anajua swali hilo linauliza kupima nini. Pete yangu ilitoka kidoleni yenyewe nikinawa mikono. Lakini mimi niliamini chuma. Watu wana husuda na wana huruma, nikasema, chuma hakina undugu na mtu.

Wakati wa kipupwe, alasiri moja, nilikwenda kumwona mdogo wangu, ametoka kusafishwa damu, amejilaza kwenye kochi kajifunika shuka. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Dada, unajimaliza. Acha bwana."

"Bado kilo tatu."

"Kilo tatu za wapi? Nani anakupima wewe?"

"Mizani yako. Naipanda kila asubuhi, watu wako hawajafika."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia tangu mwanzo. Akageukia ukutani, nikadhani anataka kutapika, nikatafuta beseni. Akaongea hukohuko ukutani.

"Ile mizani, dada, toa kilo nne."

"Nitoe kwa nini?"

"Maji yalipojaa Jangwani nilimwita fundi akaichezea. Niliona majora yanaisha kwako. Nikasema nikupunguzie mzigo, hata kidogo."

Tumesoma chuo kimoja cha Kurani, kwa mwalimu mmoja mkali wa fimbo, na sote wawili tunajua kinachowangoja wanaopunja. Aliona haya mpaka akajifunika shuka uso mzima. Mimi nina hasira za karibu, mtaa wote utakuthibitishia, na nilikaa pale nikiingoja hasira yangu ije. Haikuja. Kilichokuja ni hesabu. Ukizitoa kilo nne, nilikuwa nimeshafika masika bado hayajaisha, na toka siku ile tulikuwa tunangoja bure, mimi kwa njaa na yeye kwa sindano.

Kesho yake kliniki walinipima kwa mizani yao. Daktari alifurahi, akauliza mbona sikuja mapema. Nilisema mizani ya nyumbani ilikuwa mbovu, nikaishia hapo, maana aibu ya ndugu hufichwa hata kwa daktari. Wakanitoa damu, wakanipiga picha, wakanisikiliza moyo, na vipimo vingine wakavipeleka mbali tukaambiwa tungoje. Mchana nikaiandikia programu nayo, nikaiambia itoe nne kuanzia wiki ile ya mafuriko. Ikanishukuru kwa kusema ukweli na kuurekebisha mchoro wake. Kisha, kwa kuwa haikujua inachofanya, ikanipa hongera, na ikanitajia siku niliyofikia lengo. Ninaikumbuka siku hiyo. Nilikuwa nimeshinda na matango na maji, jioni nikarudi kujipima tena, na namba ilipokataa nikakaa juu ya gunia la maharage nikalia kwa kwikwi.

Homa ilimshika mdogo wangu majibu yangu hayajarudi. Mrija aliowekewa shingoni wa kusafishia damu ulikuwa umepitisha vijidudu, na hospitali tuliyomkimbiza, ya karibu na nyumbani, walisema tusifikirie figo kwanza, tufikirie homa. Alikuwa akiweweseka na kurudi. Aliporudi mara ya mwisho alikuwa na akili zake zote.

"Mizani umeitengeneza?"

"Nimeitengeneza."

"Na wateja?"

"Nawauzia mimi, nawaongezea kila mmoja. Wanadhani nimechanganyikiwa."

Akatabasamu kidogo. "Basi na wewe kula, dada. Ulikuwa unapendeza ulivyokuwa."

Alifariki siku ya Ijumaa, watu wakiwa wanaelekea msikitini, na alasiri tukamzika. Kabla jeneza halijatoka, baba yetu mdogo alisimama mlangoni akatangaza kama ilivyo ada, kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, familia ipo. Hakuna aliyejitokeza. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimeshikwa mabega. Nilitamani kutoka niseme kwamba kama kuna aliyepunjwa na mizani ile kuliko wateja wote, ni huyu mnayembeba. Sikutoka. Mdogo wangu alikuwa mwizi kwa muda wa mvua moja, na aliiba ili mimi nipumzike, na sijui nimpende vipi tena zaidi ya nilivyompenda.

Siku ya tatu ya msiba simu ililia, nikaenda kuipokelea kwenye ngazi za nyuma. Alikuwa yule muuguzi wa Posta, sauti imejaa furaha. Majibu yote yametoka, akasema, figo zangu ni safi, tena tunaendana na mgonjwa vizuri kuliko walivyotegemea, nimlete kesho wapange tarehe. Nikamwambia mgonjwa tumeshamzika. Akasema pole, akasema tena pole sana, dada yangu. Nikamshukuru, kwa kuwa hakuwa na kosa lolote.

Nilibaki nimekaa kwenye ngazi. Nikapeleka mkono ubavuni chini ya khanga, mahali daktari alipowahi kunionyesha kwa kidole kwamba watapasua, nikapapasa juu na chini. Ngozi ilikuwa nzima.