Asmus wa Valvu ya Moshi

Watu wa mtaa wetu wa Gaarden wakimtaja Asmus Thiessen husema alikuwa mwoga. Sikatai. Nilifanya kazi naye bega kwa bega miaka miwili ndani ya nyambizi, na sijaona mtu mwenye woga kama wake. Lakini hao wanaosema hawajawahi kushuka chini ya maji hata urefu wa ngazi za nyumba zao, kwa hiyo wanyamaze kidogo nisimulie mimi.

Baba yake alikuwa akikausha samaki aina ya mkunga kwa moshi, ng'ambo ya bandari ya Kiel. Asmus akajifunza ufundi wa mitambo kwenye karakana ya meli, akamwoa Telse, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Jeshi la majini lilipoanza kuunda nyambizi zake za kwanza, likatafuta mafundi wanaojua injini za mafuta ya taa. Asmus alizijua. Hakuomba kwenda, alipelekwa.

Wakubwa walihofia petroli isije ikalipuka, ndiyo maana wakachagua mafuta ya taa. Sawa, hayakulipuka. Ila yalitoa moshi mweupe, mzito, hata chombo kilichoundwa ili kijifiche kikawa kinaonekana kutoka upande wa pili wa ghuba. Moshi huo ulitokea kwenye bomba refu juu ya sitaha. Kabla ya kuzama tulizima injini, tukalilaza bomba, tukafunga valvu yake kwa gurudumu la chuma. Tundu lake lilikuwa pana kama sufuria. Gurudumu hilo lilikuwa la Asmus. Mimi, Marten Ohlsen, nilisimama kando yake kwenye gurudumu la valvu ya hewa.

Agizo lilikuwa rahisi: zungusha mpaka ligome, kisha ita "Imefungwa!" Kapteni alipopata sauti ya kila valvu, ndipo alipojaza maji matangini. Asmus hakutosheka na agizo. Mafuta yale yaliacha masizi magumu, na kipande kikinasa kwenye valvu, gurudumu hugoma na tundu bado liko wazi. Basi alikuwa akilamba mgongo wa mkono wake, akiusogeza karibu na valvu. Akihisi ubaridi wa hewa inayopita, anafungua na kufunga upya. Kila siku alitupotezea nusu dakika.

"Shangazi, umemaliza kujilamba?" nilikuwa nikimwambia. Meli nzima ilimwita Shangazi. "Au tukuletee na chumvi?"

"Cheka tu, Marten. Mke wako akivaa nyeusi, mimi sitacheka."

Siku moja ya Machi walikuja wakubwa kutoka Berlin kutazama tunavyozama, saa mkononi. Asubuhi hiyo, tukiwa bado tunatafuna mkate mweusi, Kapteni von Rahden alituambia, "Dakika tano, basi. Atakayenichelewesha nitamrudisha kwenye meli kubwa akapakie makaa."

Tukatoka bandarini. Amri ilipotolewa, injini ikazimwa, bomba likalazwa, sauti zikaanza kuitikiana kutoka mbele hadi nyuma. Asmus akazungusha, gurudumu likagoma. Akalamba mkono.

"Kuna ubaridi hapa," akaninong'oneza.

"Nyuma!" Kapteni aliita. "Valvu ya moshi vipi? Mmelala?"

Asmus alikuwa ameanza kurudisha gurudumu. Nikamshika kiwiko, nikajibu kwa niaba yake, "Imefungwa, afande!"

Nilisema mimi. Hakuna aliyenituma.

Kwanza tulisikia mluzi mwembamba, kisha mluzi ukawa maji. Yalitoka kwa nguvu yakipiga upande wa pili wa chumba, na nyambizi ikainama nyuma, ikashuka, mpaka mkia ukakwama kwenye tope. Mita kumi na nne. Kapteni akaamuru hewa ipulizwe matangini, tukanyanyuka kidogo, tukarudi chini. Maji yalikuwa yakiingia kwa kasi kuliko pampu zinavyotoa, na yalikuwa yakielekea kwenye betri. Sote tulijua maji ya chumvi yakigusa betri hutoka hewa ya sumu. Mmoja wetu alikuwa anasali kwa sauti, mwingine anatapika.

Asmus akashika gurudumu, akaanza kulifungua.

Nikamrukia. "Umepagawa? Utatuua!"

"Kipande cha masizi kimenasa. Nikiipanua valvu, maji yenyewe yatakisukuma." Alikuwa analia waziwazi, kamasi zinamtoka. "Niachie, Marten. Naogopa kuliko wewe. Niachie."

Nikamwachia. Maji yakampiga kifuani, akaanguka, akasimama, akazungusha tena. Kilipotoka kipande cheusi kama kokwa, akaanza kufunga. Mluzi ukapungua, ukakata. Robo saa baadaye tulikuwa juu, watu ishirini, wote wazima.

Kesho yake tukapangwa mstari.

"Nani alisema imefungwa?" Kapteni aliuliza.

Nikatazama ukuta.

"Mimi, afande," Asmus akasema.

Wakamwondoa kwenye nyambizi siku hiyohiyo, wakampeleka kukwangua kutu kwenye matangi ya karakana. Gaarden nzima ikaambiwa Thiessen nusura aue watu ishirini. Nilikaa na hilo wiki tano. Silali, na nikilala naota mluzi. Mwishowe, Jumamosi moja mchana, nikaenda kwake.

Telse alinifungulia bila kunikaribisha. Asmus alikuwa mezani, anakunywa supu ya njegere.

"Nimekuja kusema ile sauti..."

"Ilikuwa yako. Nilikuwa nimesimama ubavuni pako, nisiijue?"

"Kwa nini hukunitaja?"

Akaweka kijiko chini. "Usinifanye mtakatifu. Miaka miwili nilikuwa natafuta namna ya kutoka mle ndani. Ukanipa." Akanitazama kidogo. "Gurudumu langu wamempa nani?"

"Mimi."

Telse, ambaye tangu niingie alikuwa amenikazia macho ya hasira, akageuka. Akanivutia kiti. Akanipakulia supu taratibu, kama anavyopakuliwa mtu aliyefiwa, akaniwekea mkono begani.

Supu ikapoa mbele yangu. Jumatatu tulikuwa tunazama tena, na gurudumu lile lilikuwa langu.