Kangaga Linalotembea kwa Ncha ya Jani

Umande haujakauka, na mfyekaji wa njia za msituni amepiga magoti kando ya kijito, panga amelilaza chini. Anageuza polepole jani la kangaga, mmea wa kivulini usiotoa maua, achungulie mgongo wake.

"Shemeji, unalifyeka au unaliposa?" anauliza mdogo wa marehemu mkewe, kibarua mwenzake.

Amri ya leo ni fupi: kangaga lote la kijitoni ling'olewe kabla msimamizi hajapita jioni. Kangaga geni limeuvamia msitu. Lakini la kienyeji linafanana nalo kama pacha, na hiki ndicho kichaka cha mwisho anachokijua.

"Wenye amri hawajawahi kulowesha viatu hapa," anasema. "Wametuletea picha ya adui. Ya ndugu hawana."

Anazamisha vidole udongoni. Geni hutambaa kwa kamba nyembamba za chini kwa chini. Hapa hakuna kamba. Mgongo wa jani la geni una nukta. Hili lina mistari ya vumbi la kahawia, imelala mshazari kama miiba ya samaki. Kikonyo ni cheusi, kinang'aa utadhani kimepakwa mafuta.

"Basi ni lenyewe," anasema shemeji. "Mbona halina watoto?"

Hapo anakwama. Anapekua huku na huku, patupu. Mwishowe analifuata jani moja refu lililojipenyeza nyuma ya jiwe. Nchani pake kuna kichipukizi. Kimegusa tope, kimeshika mizizi, na kakangaga kadogo kamesimama.

Wote wawili wanageukia majani ya upande wa njia. Hakuna hata moja lenye ncha. Huyapunguza wao wenyewe kila mara, maana njia ikionekana ovyo, kibarua anakatwa ujira wa siku.

"Kumbe tunalikata uzazi," shemeji ananong'ona.

"Tunatii. Waliomwambia dada yako asubiri foleni ya hospitali mpaka pumzi ikakatika ni wenye amri kama hawa. Mtu akiwa juu, chini ya jani hapaoni."

Anainamia gogo bovu lililolala kando ya njia. Shemeji anashika upande wa pili, na kwa pamoja wanalivingirisha katikati ya njia, hadi njia inapinda na kukipisha kichaka.

"Msimamizi akiuliza?"

"Nitampigisha magoti hapa nilipopiga mimi. Akishamwona mtoto, panga hili hapa, afyeke mwenyewe."

Mfyekaji anainamisha jani jingine la upande wa jiwe, ambalo bado lina ncha, mpaka ligusane na tope. Mvua zikikolea, anatumaini, litakuwa limeshika mizizi, limepiga hatua.

"Nipe kijiwe cha kulishikilia, shemeji. Kidogo. Tusilivunje shingo."