Skrubu Nne

Mume wangu Oundo anaandika jina lake kwenye kila kitu anachotengeneza, lakini analiandika mahali ambapo hakuna mtu atakayeliona. Kabati la jikoni, nyuma ya droo. Kitanda, chini ya chaga. Hata majeneza, jamani, anaandika kwa penseli upande wa ndani, chini ya kitambaa: "Oundo, Buhehe", kijiji chake, na tarehe. Zamani nilimwuliza, unamwandikia nani, marehemu? Akasema fundi hatakiwi kujitangaza. Haya. Mimi ninayeuza vitambaa vya makochi pale soko la Sofia, Busia, ningekuwa na tabia hiyo tungekufa njaa.

Nataka kusimulia habari za rafiki yake Ogwang, mpiga gitaa, lakini siwezi kumtaja Ogwang bila Oundo. Mniwie radhi nikipandisha sauti njiani. Nina hasira na watu wawili, na mmoja wao ameshakufa, kwa hiyo anayebaki anazipata zote.

Ogwang alikuwa Japadhola kwa kabila, wa kijiji cha Iyolwa, mrefu, maneno mengi, vidole virefu. Alipiga kwenye harusi, akapiga kwenye baa kuanzia Tororo hadi mpakani Busia, upande wetu na upande wa Kenya, na kanisani pia akiombwa vizuri. Alikuwa mzuri, hilo sitamnyima. Harusini akianza kupiga, hata wakwe walisahau walichokuja kudai. Shida yake ilikuwa moja: aliamini kwamba kilichomkwamisha ni chombo. "Shemeji," aliniambia, "hiki nilicho nacho ni kibao cha kusukumia chapati."

Alichotaka ni gitaa la saini. Mimi sikujua kama kitu hicho kipo. Akanieleza kwamba kampuni ya ng'ambo inamchukua mpigaji mkubwa, inatengeneza magitaa ya umeme machache yanayofanana na lake, inaweka saini yake kichwani pa gitaa, basi bei inaruka kuliko ng'ombe kumi. Nikamwuliza hiyo saini inapiga wimbo gani. Alicheka, lakini hakunisikia. Mwaka 2016 akauza shamba.

Tena shamba lenyewe, mkewe Apio ndiye aliyelilima tangu alipoolewa, mihogo na mtama kwa juu, karanga kwa chini karibu na kijito. Jirani yao Olweny ndiye aliyelinunua, na namshukuru kwa jambo moja: alitamka mbele ya watu kwamba siku watakapomrudishia pesa yake yote, atawaachia. Apio akabaki na kiwanja cha nyumba na migomba michache nyuma ya jiko. Gitaa likaja kutoka Nairobi ndani ya sanduku jeusi gumu lililotandikwa kitambaa chekundu. Apio alilitazama kutoka mlangoni, akarudi jikoni. "Mama Vincent," aliniambia baadaye, "nimeletewa mke mwenza."

Basi huyo mke mwenza akawa hatoki nje! Ogwang aliogopa mvua, akaogopa walevi, akaogopa mpakani watamwuliza risiti. Miezi sita hivi ikapita, akalileta kwenye karakana yetu Busia. "Fundi," akamwambia Oundo, "nitengenezee pacha wake, mtu yeyote asijue. Pacha nitatembea naye. Hili litoke siku kubwa tu."

Oundo alihangaika na kazi hiyo miezi minne. Alichukua ubao wa mvule kutoka kwenye mlango wa nyumba ya marehemu baba yake huko Buhehe, akauchimba ndani hadi uzito ukalingana. Alipima kwa mizani ya muuza samaki. Zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi alizizungushia waya mwenyewe, waya mwembamba kama unywele aliotoa kwenye redio mbovu. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, kwa hiyo saini niliichora mimi, kwa brashi ndogo, baada ya kujaribu wiki nzima kwenye vipande vya mbao. Ndiyo, mimi. Mkono unaofuma vitambaa unaweza pia kuiba saini ya mtu mkubwa. Tulipoyalaza magitaa yote mawili mezani, hata sisi wenyewe tulicheka. Tofauti ilikuwa moja tu: chini ya shingo, pale inapofungwa kwenye mwili wa gitaa kwa skrubu nne, Oundo alikuwa ameandika jina lake. Oundo, Buhehe, Machi 2017.

Ogwang akaja kuchukua. Akaunganisha pacha na amplifaya, akapiga kidogo, akanyamaza. Akapiga tena, akanyamaza tena. Mimi nilikuwa namwangalia mume wangu. Alikuwa na uso wa mwanafunzi anayesubiri matokeo. Ogwang akasema, "Si mbaya, fundi." Akalifunga, akaenda zake.

Si mbaya! Miezi minne, mlango wa baba yake, na macho yaliyobaki, halafu si mbaya! Tangu siku hiyo mtu akisifu kazi ya Oundo, yeye alijibu, "Ni ya kuiga tu." Kisha watu wakaanza kutuletea habari kwamba Ogwang anapiga kila wikendi, na kwamba kabla ya kuanza anatangaza kwenye maikrofoni: hili ndilo gitaa la saini, mnalisikia wenyewe. Oundo akazidi kunywea. "Unaona?" aliniambia. "Langu hata halitoki nyumbani." Urafiki haukuvunjika, walikunywa pombe ya malwa kwenye chungu kimoja, ila habari ya gitaa haikuguswa. Malwa ikimkolea, Ogwang alikuwa na neno lake moja: "Nikifa, mnizike na gitaa langu." Tulikuwa tunacheka.

Mwaka jana mwezi wa nane, presha ikamwangusha bafuni. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho.

Oundo ndiye aliyetengeneza jeneza, akaandika jina lake chini ya kitambaa. Tulifika Iyolwa asubuhi ya mazishi. Vitu vya nyumba vilikuwa vimetolewa vyote nje ili marehemu apate nafasi ya kulala ndani: makochi, magodoro, masufuria, na juu ya kochi yale magitaa mawili, yamelala wazi. Sanduku jeusi lilikuwa limejazwa vikombe vya waombolezaji. Hakuna aliyejua lipi ni lipi. Apio mwenyewe katika miaka yote ile hakuwahi kuyagusa.

Wazee wa ukoo walikuwa wameshaamua. Mkubwa wao, Owor, baba mdogo wa marehemu, alisema Ogwang alitamka mara nyingi azikwe na gitaa lake, na neno la marehemu wao hawalitengui. Apio akapiga magoti mbele yao. Mjane wa siku tatu, sauti imemkauka. "Baba," akasema, "yako mawili. Zikeni lile la kuiga. La saini niachieni niliuze, nikomboe shamba kwa Olweny. Mimi sina mahali pengine pa kulima." Owor akasema sawa, gitaa ni gitaa. Fundi aje awaonyeshe.

Wakamwekea Oundo kiti katikati yao. Wakati huo macho yake yalikuwa yanaona watu kama vivuli. Akachukua gitaa la kwanza, akapitisha kiganja shingoni, akaliunganisha na amplifaya iliyoletwa kwa ajili ya nyimbo za mazishi. Sauti ikatoka nyembamba. Nyuzi zilikuwa ngumu, na vile vyuma vilivyopangwa shingoni havikuwa vimelika hata kimoja. Akachukua la pili. Shingo yake ilikuwa laini kama mpini wa jembe la zamani, imelika pale kidole gumba kinapokaa. Alipogusa nyuzi, sauti ikajaa uwanja mzima, ikakaa. Waliokuwa wanalia wakanyamaza. Mama mmoja akaita, "Uwii, Ogwang!"

Mume wangu akalilaza mapajani. "Hili ndilo la saini," akasema. Kisha akanyoosha mkono kwa lile la kwanza bila hata kugeuza uso. "Na hilo ni langu. Miaka saba, hata kuligusa hakuligusa."

Nikainama sikioni kwake. "Baba Vincent, fungua shingo tuone jina. Bisibisi ninayo hapa." Nilikuwa nayo kweli, mkobani, ile tuliyokazia mishikio ya jeneza.

"Unataka kunifundisha kazi ya mkono wangu?"

"Skrubu nne tu, baba. Dakika tano."

"Nimesema ni langu!"

Alinipigia kelele mbele ya ukoo wa watu, mbele ya maiti. Owor akasema padri anangoja na mvua inakuja. Nami nikaiacha bisibisi mkobani, na hilo sijajisamehe. Nilimjua mume wangu. Hakuwa anapima gitaa pale. Alikuwa na uchungu na rafiki yake, na ule uchungu ndio uliochagua.

Ogwang alizikwa saa nane, gitaa lile la kwanza kifuani. Kesho yake wakamwaga zege juu.

Mwezi wa kumi mnunuzi akaja kwetu Busia, bwana mmoja wa Nairobi anayefanya biashara ya magitaa, anaitwa Geoffrey. Apio alifika mapema, amevaa gomesi ya kanisani. Olweny alikuwa ameshampa neno: akileta pesa kabla ya msimu wa kupanda, shamba ni lake. Akakaa kwenye benchi la karakana, mikono mapajani, akingoja.

Geoffrey alipiga kwa muda mrefu, amefumba macho. "Mama," akamwambia Apio, "magitaa ya aina hii nimeshika manne. Hakuna lililowahi kuniimbia hivi." Apio akanitazama, akatabasamu. Ni mara ya kwanza tangu msiba. Geoffrey akasema sasa atafungua shingo kidogo aandike namba iliyo ndani, ndiyo kawaida ya kazi. Akalegeza nyuzi, akatoa skrubu moja moja, akazipanga mezani, nne. Akasogea na shingo hadi dirishani. Akasoma polepole.

"Oundo ni nani?"

Geoffrey akatuangalia mmoja mmoja, akaelewa kabla hatujamwambia. Hakuwa mtu mbaya. Alisema gitaa hilo ni zuri kuliko lile halisi, akarudia mara ya pili, lakini wateja wake hawanunui sauti, wananunua saini, na hiyo imechorwa kwa brashi. Akataja anachoweza kutoa. Kingetosha mbuzi wawili.

"Kwa hiyo lile la shamba langu liko wapi?" Apio akauliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Liko naye," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Owor hawezi kukubali zege livunjwe. Na hii mvua yote iliyonyesha." Alijiuliza na kujijibu mwenyewe, kwa upole, na mimi nikatamani anitukane.

Ndipo mambo yaliponijia yote kwa pamoja. Ogwang alijua tangu siku ile ya kwanza! Alipiga, akasikia pacha amemshinda mwenyewe, akanyamaza. Angerudi vipi Iyolwa kumwambia mkewe kwamba shamba limekwenda bure, kwamba mbao za mlango na redio mbovu zimeshinda ng'ombe kumi? Akasema si mbaya. Kisha miaka saba akapiga gitaa la mume wangu kwa jina la mtu mwingine, na la saini akalilaza kwenye sanduku lake. Aliposema azikwe na gitaa lake, alimaanisha hili. Tungefungua skrubu nne tu, marehemu angepata chake na mjane angepata chake. Wanaume wawili, kila mmoja amefunga mdomo kwa fahari yake, na anayelipa ni mwanamke aliyekaa kwenye benchi.

Oundo alikuwa ameshaipokea ile shingo. Kidole gumba chake kilikuwa kinapapasa pale palipolika, kinaenda, kinarudi. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Lakini nimekaa na mtu huyu miaka thelathini na moja, na niliona pembe ya mdomo wake.

"Alikuwa analipiga," akanong'ona. "Mama Vincent, kumbe alikuwa analipiga hili."

Apio naye aliuona ule mdomo. "Shemeji," akauliza, "unafurahi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Oundo akatikisa kichwa, lakini kidole gumba hakikuacha kupapasa ile shingo.

Apio akasimama, akanyoosha gomesi yake, akasema ile bei ya mbuzi wawili haitaki, tubaki na kitu chetu. Nilimsindikiza hadi barabarani. Msimu huu anapalilia karanga pale pale karibu na kijito, kibarua wa Olweny, analipwa kwa siku.

Gitaa liko karakana, ukutani, juu ya benchi. Wateja wakiingia wanaliuliza, nani alitengeneza kitu kizuri namna hii? Oundo anawajibu ni yeye. Siku hizi anasema, tena kwa sauti. Mimi nikimsikia anaanza, natoka nje.