Pua ya Baba

Jirani wa chini ameunguza vitunguu, na harufu imepanda ngazi zote hadi mlangoni kwangu. Nimesimama na funguo mkononi, nami niko tena jikoni kwa baba, katika mgahawa wetu mdogo wa ughaibuni, mtaa wa Ixelles, uliowauzia Wazungu mchuzi wa bizari.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Baba alifunga, lakini wateja wa mchana walitaka chakula, kwa hiyo alipika bila kuonja. Alijisifu kwamba pua inamtosha, na kweli mgahawa wote ulisimama juu ya pua hiyo. Siku hiyo mama aliingia kutoka kwa wateja, akasita mlangoni.

"Baba watoto, mchuzi umeshika chini!"

"Bado," baba alicheka, kando ya sufuria iliyofunikwa. "Swaumu imekupanda kichwani wewe."

Mama alizima jiko, akafunua, akakwangua. Mwiko ulitoka na ukoko mweusi. Alimtazama baba kwa muda mrefu. Kisha alichota karafuu kwenye kopo, akazisaga viganjani, akamziba macho kwa mkono mmoja na kumwekea mwingine puani.

"Nini hii, mtoto wa Pemba?"

Baba alivuta pumzi hadi kifua kikainuka. Akavuta tena.

"Iliki," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo kama ya mwanafunzi.

Nilifungua mdomo. Mama alinikata jicho.

"Umepatia," alimwambia, wala hakuutoa mkono machoni pa baba mpaka alipomaliza kujifuta machozi yake mwenyewe.